Hofu ya maikrowevu, na wali uliolala

Ramadhan ikikaribia, simu za watu wa Mombasa hujaa mapishi na maonyo. Moja kati ya maonyo hayo limezunguka miaka mingi, likitoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, mara likija kwa maandishi, mara kwa sauti ya mtu anayezungumza kwa uchungu: kwamba maikrowevu inaleta saratani, kwamba inageuza chakula kuwa sumu na kumaliza virutubisho vyote, na kwamba Warusi wenyewe waliipiga marufuku mwaka 1976. Wanaolituma hawana nia mbaya. Ni shangazi, ni jirani, ni mwalimu wa madrasa anayewajali watu wake. Lakini karibu kila kilichomo ndani yake si kweli, na hasara yake haiishii kwenye hofu. Nyumba inayoogopa mawimbi ya maikrowevu haiangalii vitu ambavyo kweli vinaweza kumdhuru mtu kupitia chombo hicho: wali uliokaa nje tangu magharibi, mkebe wa aiskrimu uliojazwa mchuzi wa nazi, chupa ya maziwa ya mtoto, na fundi aliyeunga swichi ya mlango dairekti.

Chombo hiki kilitokana na rada. Mwaka 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot walitengeneza aina mpya ya magnetroni, kifaa kilichoweza kutoa mawimbi mafupi yenye nguvu ya kutosha kuiona meli ya adui gizani. Kuanzia 1941 rada za namna hiyo zilifungwa kwenye meli za kivita za Uingereza, na mwaka 1942, Japani iliposhambulia Ceylon, kundi la meli za Uingereza za Bahari ya Hindi lilihamishia makao yake Kilindini, hapa hapa Mombasa. Huko Marekani, mwaka 1945, mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon akagundua kwamba kipande cha peremende mfukoni mwake kimeyeyuka alipokuwa karibu na magnetroni inayofanya kazi. Mwaka 1947 kampuni yake ikatoa maikrowevu ya kwanza ya biashara, dude lenye kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ile ya kuwekwa juu ya meza ya jikoni ikaenea Marekani kuanzia 1967.

Ninayataja haya kwa sababu maonyo mengi husemwa kana kwamba jambo hili ni geni na hakuna aliyelichunguza. Mawimbi haya yamechunguzwa zaidi ya miaka 80, na miongoni mwa waliochunguzwa ni mabaharia na mafundi wa rada waliofanya kazi karibu na nguvu kubwa kuliko ya chombo chochote cha jikoni. Ukisubiri feri Likoni, tazama meli za makontena zikipita mlangoni mwa bandari: ule upau unaozunguka juu ya mlingoti ni rada, nayo hutumia mawimbi ya jamii hii hii. Ruta ya intaneti iliyo ukutani kwako hutumia masafa ya takriban gigahezi 2.4, karibu sawa kabisa na ya maikrowevu, ila kwa nguvu ndogo mno. Ndiyo sababu video husitasita kwenye simu maikrowevu inapofanya kazi karibu nawe.

Ndani ya chombo, mawimbi hayo hutetemeka mara bilioni 2.45 kwa kila sekunde. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, kwa hiyo hujaribu kuufuata mtetemo huo. Hujigeuza, hugongana na zilizo jirani, na kutokana na msukosuko huo chakula hupata joto. Mlango ukifunguliwa, magnetroni huzima na mawimbi hutoweka papo hapo. Hakuna kinachosalia ndani ya wali au samaki, na chakula hakiwezi kuwa na mionzi kwa kupashwa humo. Ama virutubisho, moto wa aina yoyote huvipunguza baadhi, hasa vitamini C, na mboga iliyochemshwa kwenye maji mengi ya sufuria kisha maji yakamwagwa hupoteza zaidi kuliko ile iliyopikwa kwa maikrowevu na maji kidogo.

Suala la saratani linataka maelezo zaidi, maana ndilo linalowanyima watu usingizi. Eksirei na miale ya gama zina nishati ya kutosha kung'oa elektroni na kuvunja DNA, na hapo ndipo njia ya saratani huanzia. Miale ya urujuanimno ya jua nayo huiharibu DNA ya ngozi. Fotoni, yaani chembe moja ya nishati ya mawimbi, ikiwa ni ya maikrowevu ina nishati iliyo ndogo takriban mara laki nne kuliko fotoni ya urujuanimno unaobabua ngozi. Ukiongeza wingi wa mawimbi utaongeza joto, lakini hutapata uwezo wa kuvunja ambao kila fotoni peke yake haina. Kwa hiyo ubaya ambao mawimbi haya yanaweza kumfanyia mwili ni kuunguza, na ubaya huo ni wa kweli. Jicho na korodani ndivyo viungo vya kuhofia zaidi, kwa kuwa damu haipiti huko kwa wingi wa kuondoa joto haraka. Majaribio ya sungura yalionyesha kwamba jicho likipigwa kwa muda mrefu na nguvu inayozidi miliwati 100 kwa sentimita moja ya mraba, mtoto wa jicho hutokea.

Basi maikrowevu inavujisha kiasi gani? Kanuni ya Marekani, ambayo imetumika tangu 1971, hairuhusu zaidi ya miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, ikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye chombo, maisha yake yote; kabla ya kuuzwa, kiwango ni miliwati 1. Kanuni ya kimataifa inayofuatwa na watengenezaji wengi ina kikomo hicho hicho cha 5. Na kadiri unavyosogea mbali ndivyo nguvu inavyoporomoka: umbali wa nusu mita, kilichobaki ni sehemu moja hivi ya mia. Sasa linganisha na jua la saa sita mchana ufuoni Nyali, linalomwaga takriban miliwati 100 kwa sentimita ya mraba juu ya ngozi ya kila mtu anayepita, na ndani yake mna urujuanimno. Sisemi kwamba mwili huyapokea mawili haya kwa namna moja, kwani mawimbi ya maikrowevu hupenya sentimita moja mbili ndani ya nyama ilhali mwanga mwingi huishia kwenye ngozi. Nasema tu kwamba ile nguvu inayoruhusiwa kuvuja, hata ukiweka mkono pale pale mlangoni, ni ndogo sana.

Wengi huniuliza inakuwaje mawimbi yasitoke ikiwa mlango una matundu na tunaona sahani ikizunguka. Wavuvi wetu watalielewa hili kabla ya mwanafizikia kufungua kinywa: jarife lenye macho madogo halipitishi papa. Wimbi la maikrowevu lina urefu wa sentimita 12 hivi, na matundu ya ile karatasi ya chuma iliyo mlangoni ni ya milimita moja au mbili. Mwanga tunaouona una mawimbi madogo mno, kwa hiyo wenyewe hupita bila taabu.

Kuna hoja moja ambayo wenye hofu huitaja na ambayo inastahili jibu la heshima. Mwaka 2011, shirika la IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani linalochunguza saratani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, maana yake “huenda” yakasababisha saratani. Ni kweli. Lakini uamuzi ule ulitokana hasa na maswali kuhusu simu ya mkononi iliyobanwa sikioni kwa miaka, na ushahidi wake ulielezwa kuwa mchache. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi mkubwa wa tafiti ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, nao haukuona uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo. Katika kundi hilo hilo la 2B limo dondoo la jani zima la mshubiri, yaani aloe vera. Ukipanda hadi kundi la 1, ambalo ni la vitu vilivyothibitishwa kwamba vinasababisha saratani, unakuta jua, unakuta sumukuvu ya mahindi na njugu, na unakuta tambuu, iwe na tumbaku au bila, kwa sababu popoo yenyewe imo. Mara ngapi tumekaa barazani, mtu anatafuna tambuu huku akimwonya mwenzake asile chakula cha maikrowevu? Na moshi wa kuni tunaouvuta jikoni umo katika kundi 2A, ngazi moja juu ya mawimbi ya simu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Hakuna sauti ya WhatsApp inayolia juu ya hilo.

Kuhusu Warusi: marufuku ya 1976 haina nyaraka, na miaka ya 1980 viwanda vya Kisovieti vilikuwa vikitengeneza maikrowevu vyenyewe. Kilichokuwa kweli ni kwamba Wasovieti waliweka kikomo kikali sana kwa wafanyakazi wa rada, miliwati 0.01 kwa sentimita ya mraba kwa siku nzima ya kazi, na labda habari hiyo ndiyo iliyovimba hadi ikawa marufuku. Nacho kisa cha mwanasayansi wa Uswisi, Hans Hertel, kinachotajwa kila mara, kina nusu ya ukweli pia. Mwaka 1992 alidai kwamba damu ya watu waliokula chakula cha maikrowevu hubadilika. Utafiti wake ulikuwa na watu wanane tu. Wenye viwanda wakamshtaki, mahakama za Uswisi zikamzuia kusema, na mwaka 1998 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikamtetea. Ilitetea haki yake ya kusema. Haikusema kwamba alichokisema ni sahihi, na watu wanane hawatoshi kuhukumu chombo kinachotumiwa na mamilioni.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu watu wa mji huu kwa kushuku. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, waliishi miaka kadhaa kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, madini ya risasi yakiingia kwenye damu ya watoto wao, huku wakilalamika na wasisikilizwe. Mwanaharakati Phyllis Omido aliipigania kesi hiyo hadi mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ilipoamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuambiwa “wataalamu wamesema ni salama” akatulia. Ni haki yake kudai vipimo. Na kilichowasaidia wale wa Owino Uhuru ni vipimo vya damu na vya udongo, vilivyoonyesha risasi ilikuwa wapi na kwa kiasi gani. Kwa maikrowevu vipimo vimefanywa, tena vingi, navyo vinatuelekeza kwingine kabisa.

Vinatuelekeza kwanza kwenye wali.

Mchele huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiiva na kuachwa ndani ya sufuria yenye kifuniko, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na huo ndio uvuguvugu bakteria hao wanaoupenda. Mbegu huamka, bakteria huzaana, na wengine hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo ndiyo kiini cha makala haya, kwa sababu haivunjwi na moto wa kawaida: imejaribiwa katika nyuzi 121 kwa dakika 90 ikasalia. Maana yake, wali ulioharibika hauokolewi na maikrowevu, wala na jiko la gesi, wala na makaa. Unaweza kuupasha mpaka ufuke moshi na bado ukamtapisha mtoto katika muda wa saa moja hadi sita. Kisha nyumba nzima inasema: ni ile maikrowevu.

Fikiria Ramadhan hapa. Futari imeliwa magharibi, wali wa nazi umebaki, pilau imeletwa na jirani, watu wameenda tarawehe. Sufuria ziko juu ya meza. Usiku wa Mombasa mwezi wa Machi hauna baridi, jikoni hewa haipungui nyuzi 27. Saa kumi alfajiri watu wanaamka kula daku, kila mmoja anatia sahani yake kwenye maikrowevu, dakika moja na nusu, bismillahi. Wali ule umelala nje saa tisa. Viini vya chakula hukua vizuri kati ya nyuzi 5 na 60, na chakula kilichopikwa hakifai kukaa humo zaidi ya saa mbili. Joto la hewa likizidi nyuzi 32, saa moja. Kitu kile kile hutokea baada ya harusi, biriani inapogawiwa usiku ndani ya mifuko na mikebe, ikafika nyumbani bado ina joto, ikaachwa mpaka asubuhi iwe mwiku.

Sitamwambia mtu atupe chakula. Bei ya mchele tunaijua, na kumwaga neema ni jambo zito kwa mcha Mungu. Kinachohitajika ni kuupoza wali haraka, na chombo cha kazi hiyo tunacho sote: sinia. Utandaze wali kwenye sinia wakati watu wanakunywa kahawa, utapoa kwa muda mfupi; kisha uingie kwenye friji kabla ya kutoka kwenda msikitini. Asiye na friji apike kwa kipimo, au amgawie jirani usiku ule ule ukiwa moto. Na stima ikipotea, friji isifunguliwe ovyo. Ikiwa imefungwa hushika baridi kwa saa nne hivi.

Sasa maikrowevu ina kosa lake yenyewe katika jambo hili, na hili si uzushi. Mawimbi hupenya chakula kwa sentimita chache tu kutoka nje, na ndani ya chombo hayagawanyiki sawasawa: pana sehemu zenye moto mkali na sehemu za baridi, kando kwa kando. Bakuli lililoshindiliwa biriani litaunguza mdomo kwenye ukingo huku katikati pakiwa na uvuguvugu tu, na bakteria wa kawaida wa nyama na kuku, ambao wao wangekufa kwa nyuzi 70 na kuendelea, wanabaki hai pale katikati. Sahani pana ni bora kuliko bakuli refu. Funika, pasha, toa ukoroge, rudisha, kisha acha dakika mbili kabla ya kula ili joto lisambae. Mapaja ya kuku yenye mifupa yanataka subira zaidi ya hiyo. Mahamri, kwa kweli, yasiingie kabisa. Yatatoka kama mpira, ingawa hayo ni malalamiko ya ladha.

Kutolingana huku kwa joto ndiko kunakonifanya niwasihi mama wenye watoto wachanga. Chupa ya maziwa ikitoka kwenye maikrowevu, nje yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa mkononi huku maziwa ya katikati yakiwa ya kuunguza koo la mtoto. Pasha kwa kuitia chupa ndani ya bakuli la maji ya moto, tikisa, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani. Bibi zetu walifanya hivyo na walikuwa sahihi.

Halafu kuna mikebe. Sijui nyumba ya Mombasa isiyokuwa na ule mkebe wa aiskrimu uliogeuzwa chombo cha chakula. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, mikebe imekuwa na thamani zaidi. Kuweka chakula baridi ndani yake hakuna neno. Kuupasha ndiko kuna neno. Mkebe ule umetengenezwa kwa kitu cha baridi, na kemikali za plastiki huhamia kwenye chakula kwa urahisi zaidi pakiwa na joto na mafuta. Vyakula vyetu ni mafuta na joto: tui zito, samli ya biriani, mchuzi wa papa. Tena mafuta hupata moto kupita ule wa maji yanayochemka, kwa hiyo unaweza kuona ukingo wa mkebe umebabuka pale mchuzi ulipogusa. Ulaya imelichukulia suala la kemikali hizi kwa uzito: iliiondoa BPA, moja ya kemikali za plastiki, kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwaka 2023 wakala wake wa usalama wa chakula ukashusha kiwango kinachokubalika kwa siku mara 20,000, kisha ikapigwa marufuku kwenye vyombo vya chakula. Watetezi wa plastiki watasema kiasi kinachohama ni kidogo, na mara nyingi ni kidogo kweli. Lakini hapa kinga haina gharama yoyote. Hamishia chakula kwenye bakuli la kioo au la kauri. Na lisiwe lile la seti ya wageni lenye ukingo wa dhahabu, kwani dhahabu ni metali na itatoa cheche.

Maji matupu nayo yasiachwe humo muda mrefu kwenye kikombe laini. Yanaweza kuvuka nyuzi 100 bila kutoa povu, kisha ukitia kijiko au majani ya chai yakalipuka usoni. Tia kijiti cha mbao kabla ya kuwasha.

Limebaki suala la mlango na fundi, na hapa ndipo hofu ya mionzi inapopata haki yake kidogo, ingawa si kwa namna ilivyo kwenye sauti za simu. Maikrowevu nyingi za mjini humu zimefika zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Zimeshushwa kwenye makontena, zikapangwa madukani kama “ex-UK”, na bei yake inamvutia kila anayeanza nyumba. Sina ubaya na mtumba. Lakini chombo hicho kimesafiri, pengine kimeangushwa, na sasa kinakuja kuishi katika hewa ya chumvi. Kila mwenye gari, baiskeli au dirisha la chuma karibu na bahari anajua chumvi inavyofanya. Bawaba hushika kutu, rangi ya ndani huchubuka, mlango hulegea upande mmoja, na mafuta ya chakula hukauka pale mlango unapokutana na mwili wa chombo. Kabla ya kununua, fungua na ufunge mlango mara kadhaa, utazame kama umekaa sawa pande zote, kama kioo hakina ufa, kama bawaba hazichezi, kama hakuna kutu iliyotoboa. Lenye tundu la kutu liache dukani. Wala usitegemee ile njia ya kuweka simu ndani, kufunga mlango na kuipigia. Simu hunasa ishara dhaifu mno, hivyo inaweza kuita hata ndani ya maikrowevu isiyo na kasoro. Kuita kwake hakukuambii chochote kuhusu usalama.

Ndani ya mlango mna swichi zaidi ya moja zinazozuia magnetroni kuwaka mlango ukiwa wazi, na nyingine inayozichunga hizo. Swichi kuu ikikwama, ile ya kuchunga hufanya shoti kwa makusudi na kuunguza fyuzi, ili chombo kife badala ya kumuunguza mtu. Kwa hiyo maikrowevu ambayo “kila ukifungua mlango inaunguza fyuzi” inatoa taarifa muhimu kuliko zote. Fundi asiyelijua hilo hubadilisha fyuzi kwa waya mnene, au huziunga swichi dairekti ili mteja aondoke na furaha. Chombo sasa kinaweza kuwaka mlango ukiwa wazi, na mbele yake amesimama mtoto mwenye macho sawa na kimo cha meza. Hiyo ndiyo maikrowevu ya kuogopwa.

Na fundi mwenyewe yuko hatarini kuliko mteja. Transfoma ya ndani huupandisha umeme wa volti 240 hadi kufikia elfu mbili na zaidi, na kapasita huweza kuushika mzigo huo hata baada ya plagi kung'olewa. Vijana wanaojifunza ufundi kwa kutazama video hawaambiwi hivyo kila mara. Kipinga kinachotakiwa kuimwaga kapasita kinaweza kuwa kimekufa, na mkono mmoja ukigusa pasipostahili huwa hakuna nafasi ya pili. Na kwenye nyumba ambazo waya wa ethi haukufungwa, jambo la kawaida katika majengo ya zamani, mwili wa chombo wenye hitilafu unaweza kumrusha hata anayeifuta tu.

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, linajua kazi ya kupima. Ningependa kila duka linalouza maikrowevu za mtumba lilazimishwe kuzipima mlangoni kwa kifaa kilichokaguliwa, na kila moja ibandikwe tarehe na kiasi kilichosomwa, kwa maandishi ambayo mnunuzi anayaelewa. Vyuo vya ufundi vya Pwani viweke somo la kapasita na swichi za mlango mbele ya masomo mengine yote ya vifaa vya jikoni, na kijana asiguse maikrowevu ya mteja kabla ya kulifaulu. Kliniki za mama na mtoto zinazofundisha unyonyeshaji ziseme neno moja kuhusu chupa na maikrowevu, kwa sababu mama wengi hurudi kazini mapema na maziwa yaliyokamuliwa huachiwa dada wa nyumbani ambaye hakuna aliyemweleza. Na wale wenye sauti kwenye makundi ya WhatsApp, ambao maneno yao huaminiwa kuliko ya daktari, watume kabla ya mwezi wa Shaaban kumalizika habari ya sinia na friji, pamoja na ile saa mbili.